Hesabu za Mwokaji

Kazi yangu ni kuponya karatasi.
Nina brashi ya manyoya ya mbuzi, gundi ya ngano,
na dirisha moja linalotazama mnara wa Middelburg
ambao kengele zake huchelewa dakika mbili.

Wameniletea daftari la merikebu,
ngozi imeliwa na wadudu, mgongo umevunjika.
Merikebu iliitwa Upendo wa Ndugu.
Niliandika jina hilo kwenye kadi, nikaenda kunawa mikono.

Mwandiko ni mzuri, sina budi kusema.
Herufi zimelala upande mmoja kama nyasi za upepo mmoja.
Brandi, mapipa sitini. Baruti. Fimbo za shaba.
Shanga za kioo, rangi ya asali, kwa ratili.
Kisha kwa wino ule ule, mkono haukutetemeka:
wanaume mia moja arobaini na wawili,
wanawake sabini na wanane,
wavulana, wasichana,
na mmoja anyonyaye, ambaye hakutiwa bei.

Pembeni, msalaba mdogo kwa kila aliyetupwa majini.
Niliihesabu misalaba hata kengele ikalia,
nikaanza upya, maana mmoja ulikuwa tundu la mdudu
na sikujua kama mdudu yule alikula mtu
au alikula karatasi tupu.

Hesdy Wijngaarde, bawabu wa zamu ya jioni,
hugonga mlango na vikombe viwili vya kahawa.
Swali lake halibadiliki:
"Umepata jina?"
Wazee wake walikata miwa Suriname.
Jina lake kwa lugha yetu ni shamba la mizabibu;
kule walikokuwa hapakuota hata mzabibu mmoja.
Kwao husimulia kwamba siku ya uhuru
karani aliyechoka aligawa majina kama agawaye kofia:
ikikubana, shauri yako.
"Sijapata," humjibu. "Ni namba tu."
Hunywa akiwa amesimama. Kikombe hukiosha mwenyewe.

Shuleni tulifundishwa kwamba walikuwa matajiri,
wachache, wenye nywele za bandia na majumba ya mferejini,
nasi watu wa unga na tope hatukuwamo.
Mama yangu husema hivyo hata leo, akimenya viazi:
"Sisi tulikuwa na nini, Maatje? Maskini hana meli."

Jumanne nilikuta kurasa mbili zimegandana.
Nikazipuliza mvuke, nikaziachanisha kwa kisu cha mfupa,
taratibu, kama mtu anayefungua jicho la mgonjwa.
Matumizi kabla ya safari.
Msokota kamba. Mshona matanga.
Mhunzi, pingu za miguu, jozi mia moja na hamsini.
Mjane wa mchungaji, hisa moja.
Na mstari wa tisa:
Adriaan Poppe, mwokaji,
mikate mikavu, ratili elfu sita.
Amelipwa yote. Ameshukuru.

Poppe.
Jina lililo kwenye kengele ya mlango wangu,
kwenye kadi ya kliniki, kwenye kaburi la baba.
Tanuri lile lipo; shangazi huweka baiskeli ndani yake.

Vidole vyangu vilinuka ngano.
Ni gundi, nilijiambia, gundi tu,
unga na maji.
Na mkate ule ulikuwa nini?

Saa kumi na moja akagonga.
"Umepata jina?"
Ningeweza kusema sijapata. Karatasi ilikuwa bado mbichi,
kurasa zingejifunga zenyewe usiku ule
kama zilivyojifunga kabla bibi yangu hajazaliwa.
"Nimepata," nikasema. "Langu."

Akaweka vikombe chini. Akainama,
kidole kikifuata mistari pasipo kugusa,
wa tisa, wa kumi, hadi mwisho wa ukurasa,
kisha akarudi nyuma, kwenye misalaba,
akaifuata nayo, mmoja mmoja, pamoja na lile tundu.
Hakunipa pole, wala hakungoja nimpe.
"Bado langu," akasema.
Akavuta kiti, mara ya kwanza tangu nimjue,
akakaa.